Upepo Uliotoroka Stoo

Tairi lilikuwa limepungua tena. Inspekta aliliangalia kwa muda, akalipiga teke, kisha akajuta, kwa sababu viatu vyake vya kazi vilikuwa vimekwisha soli na kidole gumba kilimuuma mpaka machozi yakamlenga.

"Soma tena," alimwambia Koplo.

Koplo alichuchumaa, akachomeka geji kwenye valvu, akasubiri mshale utulie. "Ile ile, Afande. Karibu sehemu moja ya kumi imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

Koplo alitazama dari, akatazama sakafu, akatazama mlango. Stoo ya vielelezo haikuwa na dirisha. Ilikuwa na mlango mmoja wa chuma, kufuli moja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikaa kwenye kamba shingoni mwa Inspekta mchana na usiku, hata akioga, jambo lililowafanya askari wa chini yake wamwite Mama Ufunguo wakidhani hajui. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameyaingiza humo matairi mawili. Moja lilikuwa tairi la akiba la basi la hospitali. La pili lilikuwa la lori lililokamatwa kwa kosa jingine kabisa, alilolichukua makusudi ili liwe la kulinganishia. Yote yalijazwa upepo kwa kompresa moja, siku moja, kipimo kimoja, kisha yeye mwenyewe akamwaga nta ya mshumaa juu ya valvu zote mbili na kuigandamizia mhuri wa kituo. Nta waliibandua asubuhi hii ikiwa nzima kama alivyoiacha. Tairi la lori lilikuwa halijapungua hata kidogo. La basi lilikuwa limeibiwa upepo ndani ya chumba kilichofungwa.

"Labda panya," alisema Koplo.

"Panya amekunywa upepo?"

"Nasema tu, Afande."

"Usiseme tu."

Alikuwa amechoka na kesi hii, na kilichomchosha zaidi ni kwamba kila mtu alimwambia ni kesi nyepesi. Basi la hospitali lilikuwa likiwarudisha manesi majumbani baada ya zamu. Likiteremka mlima, tairi la mbele likapasuka, basi likavuka barabara na kugonga ukuta wa ghala. Nesi mmoja akafa, yule aliyekaa kiti cha mbele kwa kuwa miguu ilikuwa imemvimba na pale palikuwa na nafasi ya kuinyoosha. Dereva alitoka na mkwaruzo kwenye kipaji cha uso, na watu hawamsamehei dereva anayetoka na mkwaruzo. Kiwanda kilicholitengeneza tairi hakikungoja hata kuombwa mara mbili. Kilileta taarifa ya kitaalamu upesi upesi ikisema tairi halikuwa na kasoro yoyote, ila dereva hakuwa akiangalia upepo. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshapiga simu kuuliza jalada limekwama kwa nani, kwa sauti ya mtu anayejua limekwama kwa nani.

Ingekuwa dereva mwingine, Inspekta angelisaini jalada hilo na kwenda kulala. Lakini huyu madereva wenzake walimwita Bwana Geji. Mahali ambapo wanaume wengine hubeba kalamu, yeye mfuko wa shati ulibeba geji ya upepo, na alikuwa akipima matairi asubuhi, mchana na kila aliposimama kununua maji, mpaka abiria wakamchoka. Mtu huyo ndiye aliyeambiwa haangalii upepo.

Inspekta alikuwa ameshamhoji dereva wa zamu ya pili, aliyekuwa na kinyongo kwa kunyimwa basi jipya, akidhani labda alikuwa akifungua valvu kumkomoa mwenzake. Alikuwa ameshamkalia kooni mlinzi wa maegesho mpaka mlinzi akalia. Kote huko ni bure. Nta haina kinyongo wala haina mlinzi, na bado upepo ulikuwa umetoka.

Alifunga stoo, akaenda kwenye kaunta, na kama alivyotarajia, dada wa dereva alikuwa ameshafika. Mama huyo alikaa benchi lile lile kila asubuhi, chupa ya chai mapajani, mtandio umekazwa kichwani kama anayekwenda kugombana.

"Afande," alisema bila salamu, "leo unanipa jibu au unanipa benchi?"

"Dada, upelelezi unaendelea."

"Unaendelea wapi? Maana mdogo wangu haendelei popote, yuko hapo ndani. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe. Anapima matairi kuliko anavyowapima wanawe homa. Alikwenda kumwambia bosi wake wa usafiri, tairi hili kila wiki linalegea, halina tundu, lina nini? Akaambiwa nini? Ongeza upepo. Akaongeza. Leo mnasema hakuongeza. Sasa nyinyi mnataka nini, aupulize kwa mdomo?"

Inspekta aliikaza kamba ya ufunguo shingoni. "Nipe leo," alisema. "Leo tu."

"Leo umeniomba jana pia," alisema yule mama, na akamimina chai.

Nje, gari la polisi lilikuwa limeegemea upande mmoja. Tairi la mbele lilikuwa limelegea.

"Koplo!"

"Nimeliona, Afande."

"Umeliona sasa! Mwezi huu mara ya pili nasimama hapa kama mzigo kusubiri ujaze upepo. Gari moja, matairi manne, na huwezi kuyaangalia?"

"Naangalia, Afande. Niliangalia."

"Wote mnaangalia," alisema Inspekta, akaingia na kuubamiza mlango.

Kwa fundi pancha wa barabara ya pili walijaza. Fundi huyo ndiye aliyelizamisha lile tairi la akiba kwenye karo la maji siku ile ya kwanza, akaligeuza huku na huku, asione povu hata moja. Inspekta alimuuliza tena, kwa mara ambayo hata yeye mwenyewe hakuikumbuka ni ya ngapi.

"Mama, nimekwambia. Tundu likiwepo, maji yanachemka. Maji hayakuchemka. Tairi zima."

"Zima, na linapungua."

"Basi mtu kafungua."

"Hakuna mtu aliyefungua!" Inspekta alipiga kelele mpaka mteja mmoja akashuka kwenye baiskeli yake. Fundi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimfuata mpaka kiwandani.

Meneja wa Ubora aliwapokea mlangoni mwa maabara, shati jeupe, tabasamu limepigwa pasi. Ndiye aliyeisaini taarifa ya kitaalamu. Maabara yake ilinuka mpira moto na sabuni ya maua kwa pamoja.

"Karibuni, karibuni sana. Nilidhani mambo yale yalikwisha."

"Yangekwisha," alisema Inspekta. "Lakini nina tairi la akiba la basi lile. Namba ya wiki ya kutengenezwa iliyopigwa ubavuni ni ile ile ya lile lililopasuka. Nimelifungia chumbani wiki mbili. Limepungua, na halina tundu."

Mtu mwingine angeuliza valvu ikoje, au geji ni nzima. Meneja aliuliza, "Mmelikata?"

"Tulikate kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu." Alikohoa. "Ni vizuri kutolikata. Ni kielelezo."

Inspekta aliliweka swali hilo akilini kama mtu anavyoweka sarafu mfukoni, bila kujua atainunulia nini. "Mimi si mtaalamu," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Upepo wa tairi unazuiwa na nini?"

Hapo Meneja akachangamka, maana alipenda kueleza. Alichukua kutoka mezani kipande cheusi, chembamba, laini kama ngozi ya kiatu kipya, akakinyoosha kwenye mwanga.

"Na hiki. Zamani ndani ya tairi kulikuwa na tyubu. Siku hizi tyubu hiyo tumeibandika kwenye ukuta wa tairi lenyewe, kwa ndani. Tunaita utando wa ndani. Mpira si ukuta wa saruji, Inspekta. Upepo unapenya ndani yake polepole, kama maji yanavyopenya mtungi wa udongo. Mpira wa asili, huu wa utomvu wa mti, unapitisha sana. Kwa hiyo utando tunautengeneza kwa mpira mwingine, unaotokana na mafuta ya petroli. Butili. Chembe zake zimebanana, hazichezichezi. Upepo ukiingia humo unapotea njia. Ni mpira mvivu, lakini uvivu wake ndio kazi yake."

"Na maji hayachemki."

"Naam?"

"Upepo ukipenya hivyo, mwili mzima, ukizamisha tairi kwenye karo huoni povu."

"Huoni," alisema Meneja. "Ni kidogo mno, umetawanyika kote."

Inspekta alimkumbuka fundi pancha na huruma yake, akauma meno. "Na kama utando huu ungetengenezwa kwa ule mpira wa asili?"

"Haiwezekani."

"Nimesema kama."

Meneja alikirudisha kile kipande mezani taratibu. "Upepo ungeingia kwenye mwili wa tairi na kukaa katikati ya matabaka. Nyuzi za chuma zingeshika kutu kutokea ndani. Mpira ungekakamaa, matabaka yangeachana, pangetokea uvimbe. Lakini haiwezekani, kwa sababu kila mchanganyiko tunaupima." Alionyesha pembeni ya maabara. "Ile ndiyo mashine ya kupima upenyo wa hewa."

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua. Juu ya kitambaa palikuwa na birika la umeme na vikombe vitatu, na kimoja kilikuwa kimeacha duara la chai lililokauka zamani.

"Inapima na birika likiwa juu?" aliuliza Koplo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta alimpenda.

"Inasubiri kipuri," alisema Meneja.

"Tangu lini?"

"Kipuri kimeagizwa."

"Sikuuliza kimeagizwa au la. Nimeuliza tangu lini." Alipoona anapigwa chenga, Inspekta aliinuka. "Basi. Nataka kuona mahali mpira wa utando unapochanganywa. Sasa hivi."

Meneja akaanza kusema habari za kofia za usalama, vibali, na moshi usio mzuri kwa wageni. Inspekta alikuwa ameshafungua mlango. Safari hii alikuwa amechoka hata kusikiliza heshima.

Chumba cha kuchanganyia kilikuwa na joto la kukausha koo. Mashine kubwa mbili zilizungusha magurudumu ya chuma, na katikati yake mpira ulisagwa, ukakunjwa, ukasagwa tena. Msimamizi alikuwa mzee mwembamba, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na kabla hajawasalimu alikwanyua kipande cha mpira kwenye pipa la mabaki, akakifinyanga kwenye kiganja, akakitupa sakafuni. Kikadunda mpaka kifuani kwake. Akakidaka bila kukitazama.

"Huyu tunamwita Mzee Dunda," alisema Meneja haraka. "Ana kazi nyingi, tusimcheleweshe."

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Polisi? Nani kaiba?"

"Ndiye ninayemtafuta. Kwa nini umekidundisha kile?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nakionja. Mpira mzuri unajibu. Ukiutupa chini, unarudi kukwambia niko mzima. Miaka yangu yote nimekaa kule upande wa uso wa tairi, ule unaogusa lami. Hawa vijana wanasubiri karatasi ya maabara. Mimi nadundisha, najua."

"Huku umekuja lini?"

"Mwaka huu. Aliyekuwa hapa alistaafu, wakanihamisha. Nimekuta mambo ya ajabu, mwanangu, usiniulize."

"Nakuuliza."

"Mzee, mashine inaungua," alisema Meneja.

"Haiungui." Mzee Dunda alikuwa na kinyongo chake na alikuwa amekosa wa kumpa kwa muda mrefu. "Siku ya kwanza tu wameniletea shehena ya mpira wa utando. Nimekata kipande, nimefinyanga, nimetupa chini. Kimya! Kimekaa pale sakafuni kama udongo wa mfinyanzi. Nikakata kingine, kimya. Shehena nzima imekufa! Nikasema hapana, mimi sitaweka mpira mfu ndani ya tairi la watu. Nikaitoa nje yote, nikachukua wetu wa kule upande wa uso, ule safi wa utomvu, unaoruka. Nikachanganya kwa mikono yangu."

Koplo alikuwa amefungua mdomo. Inspekta alimgusa mkono anyamaze. Mpira mvivu, alikuwa amesema Meneja, uvivu wake ndio kazi yake.

Alitoa mfukoni kifuko cha nailoni. Ndani yake palikuwa na kipande cha tairi lililopasuka, ukubwa wa kiganja, alichokiokota mwenyewe chini ya ukuta wa ghala. "Mzee, unaweza kuniondolea tabaka la ndani la hiki?"

Mzee alitoa kisu kifupi kilichopinda, akabandua utando ule kama anavyomenya chungwa. Kati ya matabaka nyuzi za chuma zilionekana nyekundu kwa kutu. Alizitazama, akakunja uso, lakini mikono ilikuwa imeshauviringisha utando kuwa donge gumu. Akatupa chini. Donge likaruka.

"Huu ni wangu," alisema kwa fahari. "Unasikia unavyojibu? Hata baada ya kupasuka!"

Inspekta alimgeukia Koplo. "Pale kwenye rundo la matairi makuukuu nje, lete lolote la miaka iliyopita."

Koplo alirudi akiburura tairi zito kuliko yeye. Mzee akabandua utando wake, akaviringisha, akatupa. Donge lilianguka, likakaa. Mzee aliliokota akatupa tena kwa nguvu zaidi, likakaa tena.

"Mbona nalo limekufa?" aliuliza. "Tairi hili limetembea miaka."

"Limetembea kwa sababu ya hilo, mzee," alisema Inspekta. Alitaka kumkasirikia, maana alikuwa na hasira ya wiki nyingi na hapa ndipo ilipopaswa kumwagwa, lakini mzee alikuwa ameshika donge kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa umeanza kuelewa. "Ule mpira unaofaa kuzuia upepo haudundi. Haukuwa umekufa. Ndivyo ulivyo."

Mzee Dunda alikaa juu ya kiti kisichokuwa chake. "Mbona hakuna aliyeniambia?" alisema. Kisha akainua kichwa. "Lakini yeye alijua! Juzijuzi hapa, mara tu baada ya ajali ya lile basi, Meneja amekuja mbio na amri. Rudisheni ile shehena ya zamani, tumieni ile. Nikamwambia ile imekufa. Akaniambia fanya unachoambiwa. Nikafanya shingo upande. Mimi nilidhani amechanganyikiwa."

Wote walimgeukia Meneja. Tabasamu lake lilikuwa limekunjamana.

"Mzee anazeeka," alisema. "Anachanganya siku."

"Shehena aliyoitoa iko wapi?"

"Hakuna shehena iliyotolewa."

"Nyuma ya boila," alisema Mzee Dunda, "chini ya turubai. Nusu yake bado ipo."

Ilikuwapo. Koplo alifunua turubai, na marobota ya mpira yalikuwa yamepangwa pale, mengine yameanza kutumika. Meneja aliruka kimanga kwa muda. Alisema ni ya majaribio, akasema si ya kiwanda hiki, akasema yeye ni mtu wa maabara hahusiki na boila. Inspekta alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Nilipokwambia tairi linapungua bila tundu," alisema, "hukuuliza habari ya valvu. Uliniuliza kama nimelikata. Wewe mangapi umeyakata?"

Meneja alitazama viatu vyake.

"Wateja walianza kuyarudisha kabla ya ajali," alisema hatimaye. "Machache. Nikakata moja, nikaona kutu. Nilitaka kuwa na hakika kwanza, na mashine ndiyo ile. Halafu basi likapata ajali. Ningesema nini? Kwamba nimeyapitisha bila kuyapima?"

"Ungesema hivyo hivyo. Badala yake ukakaa mezani, ukaandika kwamba dereva haangalii upepo. Mtu huyo amelala sakafuni siku zote hizi kwa kalamu yako. Na matairi mengine ya mchanganyiko huo yako wapi?"

"Mahospitalini. Mashuleni. Na kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Itabidi nitazame kumbukumbu."

"Utazitazamia kituoni. Ukifika, unapiga simu mbele yangu kwa kila aliyeuziwa, mmoja mmoja, na kumwambia asimamishe gari."

Walipofika kwenye gari la polisi, Meneja alisimama karibu na gurudumu la mbele. Akaliangalia, akarudi hatua moja nyuma. "Naweza kuja na gari langu? Nitawafuata nyuma."

"Utatufuata mpaka uwanja wa ndege? Ingia."

Aliingia, akashika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. "Twendeni polepole, tafadhali," alimwambia Koplo. Njia nzima aliomba hivyo hivyo, na Inspekta, aliyedhani mtu anachelewesha mahabusu, alimwambia Koplo akanyage mafuta.

Mwendesha mashtaka aliposikia habari alisema basi kesi haikuwa nyepesi. Inspekta alikata simu kabla hajamjibu neno la kujutia. Jioni, Meneja akiwa ndani bado anapiga simu moja baada ya nyingine, dereva alitolewa. Kwenye kaunta alirudishiwa mkanda, pochi, na geji. Mkanda hakuuvaa. Aliichukua geji akaifuta kwa shati.

Dada yake alimshika bega, akammiminia chai iliyobaki kwenye chupa.

Inspekta alimweleza kila kitu, pole pole, utando, mzee, kutu. Bwana Geji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo upepo ulikuwa unaingia kwenye mwili wa tairi."

"Ndiyo."

"Na mimi kila wiki nilikuwa naongeza mwingine." Aliigeuza geji mkononi. "Nilikuwa naulisha ule ugonjwa, Afande. Yule sista wa kiti cha mbele akipanda alikuwa ananitania, Bwana Geji, leo umepima na viti? Nikamwambia kaa, mama, gari langu zima."

"Ulikuwa unafanya kazi yako," alisema Inspekta. "Ndani ya habari hii nzima, wewe ndiye uliyeifanya." Aliona hakumtuliza. "Njoo. Tutawapeleka nyumbani."

Nje, dereva hakuingia garini. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele na kuchomeka geji.

"Tumejaza asubuhi," alisema Koplo.

Bwana Geji aliichomoa. Alikuwa ameshaacha kusoma geji. Alipitisha kiganja ubavuni mwa tairi mpaka kikasimama mahali, akabonyeza, kisha akalifuta tope kwa kidole gumba na kuzisoma zile namba za wiki kwa sauti. Inspekta alizijua. Alikuwa ameziandika mwenyewe kwenye kibandiko cha kielelezo.

"Hapa limeshavimba, Afande," alisema dereva kwa upole. "Gari hili haliendi popote. Mnaliongeza upepo mara kwa mara?"

Inspekta alimkumbuka Meneja alivyoshika kile kiti. Kisha akamtazama Koplo. Koplo alitazama mbele, askari kabisa, kama mtu asiyekumbuka alivyokaripiwa asubuhi.

"Nipe ufunguo."

Koplo akampa. Inspekta aliifungua kamba ya shingoni, akautia ufunguo wa gari pembeni ya ule wa stoo, akafunga fundo.

"Kielelezo kipya," alisema. "Kiandike. Na uandike kwamba asubuhi ulikuwa umeliangalia."

"Hilo nalo niliandike, Afande?"

"Hilo andika kwanza."

Kisha akawaambia dereva na dada yake watangulie, atawasindikiza kwa miguu mpaka mlangoni kwao. Kidole gumba bado kilikuwa kinamuuma, na nyumba yao ilikuwa mbali.